Mkalimani na Blogu Iliyozunguka

Nimemfahamu Mkalimani tangu nikiwa mtoto wa shule kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na kwa miaka mingi sikuwahi kumsikia akisema "mimi naona" au "mimi nataka". Ukimuuliza kama chai imekolea, atakwambia wageni wa jana waliisifu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakwambia wazee wanasema itanyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kule kambini: kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana na kupitisha maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kirundi kiwe Kiswahili, Kifaransa kiwe Kirundi, pasipo kuongeza wala kupunguza. Daktari akisema mtoto hatapona, Mkalimani alisema mtoto hatapona. Mama wa mtoto akimtukana daktari, Mkalimani alilitafsiri tusi lote kwa sauti ileile ya upole, macho chini, na daktari akajua kwamba ametukanwa barabara.

Alikuwa mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka. Alisimama kiubavu. Hata mkiwa wawili tu njiani, alikuachia nafasi pembeni yake, kama vile kuna mtu wa tatu ambaye bado hajafika.

Siku moja baba yangu aliitwa ofisini kambini kuulizwa kama yuko tayari kurudi Burundi. Baba hasira zake zilikuwa karibu. Alijibu kwa Kirundi kwamba huyo anayeuliza akalale kwanza kwenye hema letu wakati wa masika, kisha ndiyo aje aulize tena, na akamalizia na neno ambalo sitaliandika hapa. Mkalimani alitafsiri yote, pamoja na hilo neno. Tulipotoka nje baba akamgeukia.

"Ungelainisha kidogo! Unataka watufanye nini?"

"Neno si langu, kaka," Mkalimani alisema. "Kazi ni kulifikisha."

Baba alilalamika njia nzima. Lakini siku nyingine alipoitwa tena, alikataa kuingia mpaka Mkalimani apatikane.

Tuliporudi Burundi, familia yetu ilikwenda Gitega, yeye akaenda Buhinyuza, mkoani Muyinga, kwenye kilima walichokiacha wazazi wake. Huko alimkuta mama yake, mukecuru, kama tunavyomwita bibi kizee kwa Kirundi, aliyekuwa ametangulia kurudi, amepooza upande mmoja. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemgeuza kitandani, akamlisha, akamwosha, akamkalisha mlangoni apigwe na jua. Shamba lilikuwa dogo, la migomba na mihogo, na binamu zake wa kilima hichohicho walikuwa wameshaanza kulipima kwa macho. Akiondoka, mama hana wa kumgeuza. Akikaa mbali, shamba lina wenyewe wapya. Kwa hiyo aliweza kwenda Muyinga mjini na kurudi siku hiyohiyo, basi. Zaidi ya hapo hakufika. Nilipomwambia aje Gitega angalau atuone, alisema, "Mukecuru anasema barabara ni ndefu." Mukecuru alikuwa hajui hata barabara ya Gitega ikoje.

Yeye mwenyewe hakulalamika, ila niliwahi kumwona akisimama ukingoni mwa shamba lake, pale linapoishia kwenye njia ya watu, mikono nyuma, akiangalia pikipiki zinazopita kuelekea Muyinga. Alisimama hapo mpaka mama yake alipomwita. Akageuka, akarudi ndani.

Watu tuliokulia Tanzania tulirudi na Kiswahili chetu na Kirundi cha kuungaunga. Kusoma Kirundi cha matangazo yaliyobandikwa ukutani pale kwenye ofisi ya komini, wengi wetu hatukuweza: mambo ya vitambulisho, mitihani ya watoto, mbegu, chanjo za mbuzi. Mkalimani alikuwa akisimama pale ukutani na kuwasomea watu kwa Kiswahili, mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti inakauka. Mimi ndiye niliyemfungulia blogu, ili atafsiri mara moja na kila mwenye simu asome. Alijifunza kuiandika kwa simu yake ndogo, kwa kidole kimoja, na watu wakaizoea. Niliwahi kukutana na mkulima wa Buraza, huku kwetu Gitega, aliyenionyesha kwenye simu yake namna ya kutibu mnyauko wa migomba, hajui kabisa kwamba ninamjua aliyeandika.

Mwisho wa kila andiko aliweka mstari mmoja juu ya nyumbani. "Leo Buhinyuza imenyesha." "Mukecuru amekula vizuri." "Mgomba wa karibu na choo umeanguka." Nilidhani ni mazoea tu ya mtu mzima. Siku moja nikamuuliza wasomaji wa Buraza mgomba wake unawahusu nini.

"Kuna msomaji anayeujua huo mgomba," alisema, akaanza habari nyingine.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye igisoro, mchezo wetu wa kete na mashimo, alikuwa mwizi asiye na haya. Mtu yuleyule asiyeweza kupunguza nukta kwenye maneno ya wengine alichomeka kete mkononi, akazishusha mahali pasipo pake, na ukimkamata alicheka kama mtoto. Na kulikuwa na jambo jingine lililonishangaza zaidi. Mama yake alipenda kusikiliza redio za Tanzania, ingawa Kiswahili hakukijua, na mwanawe alikaa kando yake kumtafsiria. Nilikuwepo siku redio iliposema juu ya basi lililopinduka na watu waliokufa. Akamwambia mama yake kwa Kirundi kwamba basi liliharibika njiani, abiria wakapanda jingine. Mukecuru akasema Mungu ashukuriwe. Mimi nikamtazama Mkalimani. Yeye akatazama redio.

Mukecuru akauliza na jambo jingine, "Mkwe wangu anasema atakuja lini?"

"Anasema karibuni, mama."

Mkwe hakuwa amesema kitu kama hicho. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Mkalimani alikuwa na mke. Alikuwa mwanamke wa Kahama aliyekuja kambini kuuza vitenge, akaolewa humohumo, na wakati wa kurudi akapanda gari pamoja na mumewe kuja nchi asiyoijua. Kirundi hakukijua hata cha kuombea maji. Haikupita muda mrefu binamu wakapeleka shauri la shamba mbele ya wazee wa kilima. Kisa hiki nilihadithiwa na watu wengi waliokuwepo, na wote walikisimulia vilevile.

Walikaa kwenye nyasi. Binamu mkubwa akasimama, akasema kwa Kirundi, akimwonyesha yule mwanamke kwa mkono. Mwanamke akamgeukia mumewe.

"Wanasema nini?"

Mkalimani akasimama kiubavu, kama siku zote, macho chini. "Wanasema wewe si wa hapa. Wanasema huna lako kwenye ardhi hii, wala mtoto hukuzaa. Wanasema urudi kwenu."

Mwanamke akasubiri. Mkalimani naye akasubiri, ili akijibiwa atafsiri.

"Na wewe unasema nini?" mkewe akamuuliza.

Na yeye, wanasema, akawageukia wazee, akatafsiri kwa Kirundi: "Anauliza, na wewe unasema nini?"

Wazee wakatazamana, hawajui ni nani anayeulizwa.

Kesho yake asubuhi mwanamke alipanda pikipiki mpaka Muyinga, kutoka hapo akaenda mpakani Kobero, akavuka. Hakufika Kahama. Alikomea Ngara, karibu na mpaka, akafungua meza ya vitenge, na waliomuuliza mbona hafiki kwao aliwajibu kwamba hapo ndipo miguu ilipochokea. Shauri la shamba lenyewe wazee waliliacha likining'inia, na bado linaning'inia. Mkalimani alipompigia simu mkewe, alipokea mara moja tu. "Hapa sina mkalimani," akasema, akakata. Hakupokea tena.

Lakini blogu aliisoma. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akivuka mpaka na mizigo yake ya dagaa, ndiye aliyeleta habari hiyo: mkeo anajua mama amekula nini, anajua mgomba upi umeanguka. Kwa hiyo Mkalimani aliendelea kuandikia watu wote, na mwisho wa andiko aliweka mstari wa mtu mmoja. Yeye hawezi kutoka, mkewe hawezi kurudi, na kati yao kulikuwa na uzi huo tu.

Uzi huo ndio ulioharibikia mikononi mwetu Gitega.

Ninafanya kazi kwenye duka la kompyuta lenye chumba cha nyuma ambamo tuna seva inayobeba tovuti za shule kadhaa, za vyama vya wakulima, na blogu ya Mkalimani. Shefu, bosi wetu wa duka, aliamua kuweka seva nyingine mbele ya hiyo ya zamani, iwe kama mapokezi. Kila mgeni afikie kwake kwanza, apewe kile kikufuli kidogo kinachoonyesha kwamba mawasiliano ni salama, kisha apelekwe nyuma kwenye tovuti aliyoiomba. Wazo lilikuwa zuri. Akaliweka, akajaribu tovuti za shule, zikafunguka, akafunga safari kwenda kwenye msiba wa ndugu yake upande wa Mutoyi.

Mkalimani alinipigia mchana wa siku hiyohiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Watu wanasema blogu haifunguki."

"Na wewe ukifungua?"

"Inazunguka. Halafu inaandika kwamba ukurasa umeelekezwa mara nyingi mno."

Nilifungua nikaona ni kweli. Baada ya saa nzima nilielewa pia kwa nini. Seva ya mbele ilimpokea mgeni kwa njia ya kufuli, lakini ombi lake ililipeleka nyuma kwa njia ya kawaida, isiyo na kufuli. Blogu kule nyuma haikujua mgeni alipitia wapi. Iliona ombi limekuja bila kufuli, ikajibu: rudi, pitia kwenye kufuli. Mgeni akarudi, akapita kwenye kufuli, akapelekwa nyuma bila kufuli, akaambiwa arudi. Hakuna aliyekosea kwa upande wake. Kila mmoja alifuata sheria aliyopewa, na mgeni akabaki katikati akizungushwa mpaka kivinjari cha simu kichoke.

Dawa yake si kubwa. Seva ya mbele iambatanishe kwenye kila ombi taarifa kwamba mgeni huyu amekuja kwa njia ya kufuli, na blogu iambiwe iiamini taarifa hiyo. Lakini neno la siri la seva ya mbele alikuwa nalo Shefu peke yake. Nikampigia.

"We, usiguse ile ya mbele," alisema kwa kile Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba. "Zile zingine zote iko zinafunguka bien. Donc iko blogu moja tu. Mi nikirudi tutaangalia."

"Shefu, nitumie neno la siri nitengeneze mwenyewe. Kuna watu wanaitegemea."

"Sasa mi niko kwa kilio, sha. Wangoje kidogo."

Nikajaribu upande wa nyuma, ambao nilikuwa na ruhusa nao. Nikaiambia blogu iache kabisa kudai kufuli. Mzunguko wa kwanza ukafa, na nyuma yake nikaukuta wa pili uliokuwa umejificha: seva ya mbele iliondoa herufi tatu za www kwenye kila anwani, na blogu, iliyoandikishwa kwa anwani yenye herufi hizo, ilizirudisha. Mmoja anaondoa, mwingine anarudisha. Nilipoiandikisha blogu upya kwa anwani fupi, ilikataa, kwa sababu mipangilio hiyo ilikuwa imekazwa kwenye faili ambalo Shefu alilifunga. Nilikaa kwenye kile chumba cha nyuma chenye joto la mashine, dirisha lenye nondo, nikihisi kwamba kila mlango ninaoufungua unanirudisha kwenye chumba kilekile.

Shefu alikaa msibani muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwani mafuta yalikosekana na magari yakasimama. Na wakati huo mama wa dagaa alivuka mpaka, akapita Buhinyuza. Mkalimani akanipigia tena. Safari hii hakuanza na salamu.

"Anasema amefungiwa."

"Nani?"

"Kule Ngara. Anasema kila akigonga anarudishwa nje. Anasema, kama ni kumfukuza, alishafukuzwa mara moja, haikuwa lazima mara ya pili."

"Mwambie ni hitilafu! Mwambie ni mitambo ya Gitega!"

"Ameambiwa. Anasema mitambo haina chuki naye, wenye chuki ni watu."

Nilimsikia akipumua. Nyuma yake mama yake alikuwa akiita.

Shefu aliporudi alikuwa mpole, amekonda. Alikaa nami, akafungua seva ya mbele, tukaweka ile taarifa ya kufuli, tukaifanya blogu iiamini, tukakubaliana juu ya anwani moja isiyo na zile herufi tatu. Blogu ikafunguka. "Pole kwa huyo mzee," Shefu alisema. "Mi sikujua iko hivyo." Nikampigia Mkalimani kumpa habari njema.

"Inazunguka bado," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichobaki. Seva zetu zilipokuwa zikiwarudisha watu, ziliwaambia kwamba ukurasa umehama moja kwa moja, hautarudi tena mahali pake. Simu ikiambiwa hivyo inaliweka jibu kichwani mwake, na siku nyingine haina haja ya kuuliza. Inazunguka yenyewe, bila hata kufika kwetu. Msomaji mgeni aliingia bila taabu. Aliyekuwa akigonga kila siku ndiye aliyebaki nje. Nilimwelekeza Mkalimani namna ya kufuta kumbukumbu ya kivinjari chake, akafuta, ikafunguka. Nikatangaza maelezo hayohayo kwa kila niliyeweza.

"Na yule wa Ngara?" nikamuuliza.

"Mtu wa dagaa hataweza kumweleza haya," alisema.

"Basi mpigie."

Akaniaga, akakata simu.

Mafuta yalipopatikana kidogo nilitumwa Muyinga kutengeneza kompyuta za shule. Nilipomaliza nikachukua pikipiki mpaka Buhinyuza. Nilimkuta Mkalimani amekaa kwenye benchi nje, maharage yameanikwa mbele yake kwenye mkeka. Amepungua. Tulisalimiana, nikaenda kumsalimu mukecuru, nikarudi. Hakutaka mazungumzo marefu.

"Mpigie wewe," alisema. "Namba yako haijui."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie blogu imepona. Mwambie simu yake ndiyo imeshika jibu la zamani. Umwelekeze namna ya kufuta."

"Ni hayo tu?"

Aliokota punje ya harage lililooza, akalitupa. "Ni hayo."

Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri.

"Halo, nani mwenzangu?" Sauti nzito, yenye haraka ya mtu wa biashara.

"Shikamoo, mama. Ni binti wa Gitega, ninayesaidia ile blogu. Napiga kutoka Buhinyuza."

Akashusha sauti: "Mukecuru amefariki?"

"Hapana, mama, yupo. Nimetoka kumsalimu sasa hivi. Ninapiga kuhusu blogu, imepona. Tatizo limebaki kwenye simu yako."

"Yeye yuko hapo?"

"Yupo."

"Amekutuma wewe useme?"

Nilimtazama Mkalimani. Alikuwa akiyatazama maharage. "Ndiyo, mama."

"Basi mwambie nimechoka kuambiwa maneno na watu. Mtu wa dagaa, mtandao, sasa wewe. Aseme mwenyewe, au tuachane hapa."

Mkalimani alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alinitazama akisubiri, na nikaona kwamba anasubiri nimfikishie.

"Anasema amechoka kuambiwa maneno na watu," nikasema. "Anasema useme mwenyewe."

Akapokea simu kwa mikono miwili.

"Fungua kile kivinjari," alisema. "Pembeni juu kuna nukta tatu."

"Nimeziona."

"Bonyeza. Kuna pameandikwa historia."

"Herufi ndogo hizi. Ngoja nivae miwani." Tukasikia akihangaika na vitu. "Haya. Historia."

"Shuka chini. Futa data."

"Itafuta na picha zangu?"

"Haigusi picha."

Walikwenda hivyo hatua kwa hatua, yeye akirudia pale mkewe alipopotea, bila kupandisha sauti. Nimewaelekeza watu wengi jambo hilo na sijawahi kulisikia likifanywa kwa uangalifu vile. Mwishowe mwanamke akasema, "Inazunguka... ngoja... Imefunguka." Akasoma kwa sauti mstari wa chini wa andiko la mwisho. "Maharage yameanikwa. Jua ni kali." Akatulia. "Haya. Asante. Msalimie mama."

"Usikate."

"Kuna nini tena?"

Mkalimani alisimama. Kisha akakaa tena, kana kwamba amesahau sababu ya kusimama. "Ile siku. Pale mbele ya wazee."

"Ile siku unaitakia nini leo?"

"Nilikuwa nalo kinywani. Kwamba wewe ni mke wangu, na ardhi ikikukataa wewe imenikataa na mimi. Nilikuwa nalo. Sikulisema."

Kulikuwa na kelele za watu kule Ngara, mtu akiuliza bei ya doti, na yeye hakumjibu.

"Nani kakwambia useme hivyo? Ni huyo binti?"

"Hakuna mtu."

"Nauliza vizuri. Unasema, au unatafsiri?"

"Mimi nasema," alisema Mkalimani. "Mimi."

Mwanamke akasema, "Umechelewa," lakini hakukata. Niliinuka, nikaenda kukaa na mukecuru ndani. Aliniuliza kwa Kirundi mwanawe anaongea na nani, nikamwambia anaongea na mkewe. Akafumba macho, akaitikia, "Ego," kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilijua hilo siku zote. Niliporudi nje simu yangu ilikuwa imezima kwa kuishiwa chaji, na Mkalimani alikuwa bado ameishikilia sikioni.

Ningependa kusema kwamba mke alirudi, au kwamba mume alivuka. Haikuwa hivyo. Mama alikuwa bado kitandani, binamu walikuwa bado palepale, na mwanamke alisema waziwazi kwamba hatakanyaga tena kilima alichofukuzwa mbele za watu. Walianza kupigiana simu, na mara nyingi waligombana. Nilijua hilo kwa sababu Mkalimani alianza kunisimulia. "Leo amenikasirikia," alikuwa akiniambia, na nilishindwa kuamini kwamba ni yeye anayesema.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Kobero. Nilikuwa nimetumwa kupokea betri za duka zilizotoka ng'ambo, na karani wa forodha aliniambia ningoje. Nikatoka nje kutafuta chai. Karibu na maegesho ya malori kuna mwanamke anayechemsha chai chini ya turubai, na kando yake, kwenye ngazi za saruji za duka lililofungwa, nilimwona Mkalimani amekaa na mwanamke mfupi, mnene, aliyejifunga kitenge cha rangi ya kahawia. Kati yao kulikuwa na sahani moja ya wali na maharage, na vijiko viwili.

Mwanamke alinitazama kabla yeye hajasema kitu. "Wewe ndiye uliyenipigia simu."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa ule."

Nikakaa. Saruji ilikuwa ya moto. Waliniambia kwamba hukutana hapo siku ya soko, jirani mmoja wa Buhinyuza akikaa na mukecuru mpaka alasiri. Mkalimani huondoka mapema ili awahi kumgeuza mama, na mwanamke huvuka kabla mpaka haujafungwa.

"Mama, hutarudi kabisa?" nikamuuliza. Labda nisingeuliza.

"Kwa wale? Hapana."

"Na yeye?"

"Yeye ana mama yake." Alisogeza sehemu ya maharage upande wa mumewe. "Akimwacha mama yake kitandani akanifuata mimi, nitamtaka wa nini?"

Mkalimani alitafuna, akameza. Hakunitafutia maneno mazuri ya kufunika jambo hilo, wala hakulikataa. Dereva mmoja wa lori alipiga honi, watu wakatawanyika, vumbi likaja mpaka kwenye sahani, na mwanamke akaifunika kwa kiganja. Karani aliniita. Nikaanza kuaga.

"Ukipita tena hutatukuta hapa chini," Mkalimani aliniambia. "Nimeagiza viti viwili kwa seremala wa pale kwenye kona. Mama wa chai amekubali vilale kwake."

"Vya mgongo," mkewe akasema. "Nimemwambia avitie mgongo, maana tutakaa sana."